Kabla hujamhamishia binti shule ya wasichana watupu

Dada yangu, umeuliza kama umtoe binti yako shule ya mchanganyiko umpeleke ya wasichana watupu, kwa kuwa umeona hizo ndizo zinazoongoza kwenye matokeo. Usiiamini orodha hiyo haraka. Shule nyingi za juu huchuja wanafunzi mlangoni: anayeingia tayari ana alama nzuri, na mara nyingi kwao wana uwezo. Akifaulu, sifa zinaenda kwa utengano wa jinsia, wakati kazi kubwa ilishafanyika kabla hajavaa sare ya shule hiyo.

Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichambua kwa pamoja tafiti 184 kutoka nchi 21, zenye wanafunzi milioni 1.6. Katika zile zilizozingatia tofauti za mwanzo, faida ya shule za jinsia moja ilikuwa ndogo mno au haikuwepo. Lakini sikufichi: Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, ambako wanafunzi walikuwa wakipangiwa sekondari kwa bahati nasibu, wa shule za jinsia moja walionekana kupata zaidi kwenye mtihani wa kuingia chuo.

Kwa hiyo mtazame binti mwenyewe. Kuna msichana anayelijua jibu la hesabu, kaliandika pembeni mwa daftari, lakini hanyooshi mkono akihofia wavulana watamcheka. Kama ndiye wako, kuhama kunaweza kumfungua. Kama anauliza maswali na ana mwalimu wa fizikia anayemsahihishia kazi zake kwa makini, mwache hapo hapo. Na ukienda kuiona shule mpya, waulize walimu: wanafunzi wao huingia na alama zipi.