Shokapu na mawe ya Natron: maswali yenu

Mkuu, nina Land Cruiser ya tours hapa Arusha, njia yangu Mto wa Mbu, Engaruka mpaka Ziwa Natron. Shokapu za nyuma, zile za kumeza mitikisiko, zinabonyea kila mara na wala sigongi kitu. Mawe yanatoka wapi?

Kaka, unajipiga mwenyewe. Tairi ya mbele inaokota jiwe inalirusha nyuma, na shokapu ya nyuma mguu wake uko chini usawa wa ekseli, kwa hiyo linakuja moja kwa moja, tena huko karibu na mlima Ol Doinyo Lengai mawe ni ya volkano yana ncha kali. Lala chini ya gari uangalie, upande unaotazama mbele rangi imeliwa mpaka chuma, upande wa nyuma bado inang'aa. Anza na madigadi marefu ya mpira nyuma ya tairi za mbele, watu wanayadharau ila ndo yanazuia mawe mengi kabla ya kingine chochote.

Fundi anataka kunizungushia bomba la PVC kwenye shokapu, wengine wanasema achomelee bati. Kipi?

PVC inapasuka ikigongwa vizuri. Mimi napendelea kipande cha tairi kuukuu au mkanda mnene wa mashine, unakata kifunike nusu ya mbele tu, unakibana na klipu za hosi. Usizungushe yote! Shokapu inageuza mtikisiko kuwa joto, kwenye barabara ya rasta, yenye matuta madogo madogo mfululizo, inachemka huwezi kuishika, sasa ukiifunika gubigubi itapoaje, oili inakuwa nyepesi gari linaanza kurukaruka. Halafu kabla hujaondoka mwambie apandishe gari tairi zining'inie, aone kama kava linakwaruza hosi ya breki. Kuhusu kuchomelea, kwenye shokapu yenyewe hapana kabisa, ndani kuna oili na nyingi zina gesi ya presha, ikipata moto inaweza kulipuka. Kama ni bati lichomelewe kwenye ekseli, na shokapu iwe imeshafunguliwa imewekwa pembeni.

Ile rodi ya shokapu inayong'aa nivalishe kava la mpira?

Ivalishe. Jiwe dogo likiitia kikovu tu, kikovu kile kinapita kwenye sili, ule mpira unaozuia oili, kila gari linapopanda na kushuka, mwisho oili inamwagika. Ila kava lisilo na tundu chini linatunza matope na mchanga, hapo umeweka msasa.

Shokapu imebonyea ila haivuji, niitupe?

Inategemea dada. Kama ni ya tyubu moja, pistoni inatembea kwenye ukuta huohuo uliobonyea, itakwama au itakula sili, badilisha. Ya tyubu mbili ina ya ndani na ya nje, kibonyeo kidogo cha nje unaweza kuendelea nacho kama hakijafika ndani. Ukibadilisha, badilisha pande zote mbili za ekseli, mambo ya mpya kulia na iliyochoka kushoto gari linayumba.

Naendesha Marsabit kwenda Loiyangalani, kupunguza upepo wa tairi kunasaidia shokapu?

Sana. Kama lami ulikuwa na PSI 40 na hujabeba mzigo mzito shuka 30 hivi, tairi inameza mitikisiko midogo, shokapu inapumua. Lakini na mwendo ushuke, tairi laini kwa spidi kubwa inachemka na kupasuka, na usimkaribie wa mbele yako maana naye anarusha. Ukirudi lami jaza kabla hujakanyaga mafuta.