Nimebadili mandhari, zambarau yangu imekwenda wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi? Nauza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mwanangu alinitengenezea tovuti ya WordPress, ile programu ya kujengea tovuti. Juzi nimebadili mandhari (theme), yaani vazi la tovuti. Vichwa vyangu vya zambarau vyote vimekuwa vyeusi, na picha ya duka iliyokuwa imeenea skrini nzima sasa imebanwa katikati. Maneno yapo. Nimefuta nini? – Mama Vitenge

JIBU: Nzuri, mama. Hujafuta kitu. Rudisha mandhari ya zamani, utaona zambarau inarudi yenyewe.

Kwenye kihariri cha bloku, pale unapoandikia kurasa, kilichokuja na toleo la 5.0 la WordPress mwaka 2018, kila aya, kichwa na picha ni bloku yake. Ulipobonyeza kile kiduara cha zambarau kwenye orodha ya rangi za mandhari, bloku haikuandika rangi. Iliandika jina ambalo mandhari imeipa rangi ile. Ni kama kadi ya harusi iliyoandikwa "vaa sare": uende nayo kwenye harusi ambayo kamati haikuchagua sare, utavaa nini? Mandhari mpya haina jina hilo, basi vichwa vikavaa weusi wa kawaida. Ungejichanganyia rangi mwenyewe nje ya viduara, namba ya rangi hiyo ingekaa ndani ya bloku na ungehamia nayo kwenye mandhari mpya.

Picha nayo: bloku huomba upana, mandhari ndiyo inayoruhusu. Nyingi za zamani haziruhusu.

Sasa usianze kupaka kichwa kimoja kimoja. Nilifanya ujinga huo kwa mteja wa Sinza, usiku kucha, tena kwa viduara vilevile. Alipobadili mandhari tena nikarudia kazi bila malipo.

Tafuta mandhari ya bloku, yaani ambayo tovuti nzima imejengwa kwa bloku, siyo kurasa tu. Ya kwanza kuja na WordPress yenyewe ni Twenty Twenty-Two, toleo la 5.9, Januari 2022. Humo unafungua kihariri cha tovuti nzima, unaingia kwenye mitindo, unavipa vichwa vyote zambarau kwa mara moja. Ukibadili mandhari utaiweka upya, lakini mara moja tu. Hata sehemu ya chini yenye namba yako ya simu ni bloku. Utaibadili bila kumsumbua kijana.

Ila usidanganywe na picha za maonyesho ya mandhari. Kitenge kikivikwa sanamu dukani kinavyopendeza, wewe unajua zaidi yangu. Kabla ya kuiwasha mandhari, itazame kwanza kwa hakikisho (preview), na ufungue ukurasa wenye vile vichwa vya zambarau, siyo wa mbele peke yake.