Kadi ya grafiki na waifai za kuwekea Debian

Kaka kama hiyo desktopu unayotaka kununua ni ya kuweka Debian (mfumo endeshi wa Linux) basi kadi ya grafiki chukua ya AMD, draiva yake (programu inayoiendesha kadi) imo tayari ndani ya keneli, yaani kiini cha mfumo, unachomeka skrini inawaka, ila isiwe kadi iliyotoka juzi juzi maana keneli ya Debian huwa ya zamani kidogo. Nvidia nayo inapiga kazi lakini draiva yao unaiweka mwenyewe kivyake na siku keneli ikiapdetiwa waweza kukuta skrini nyeusi, mi sina huo muda. Kadi ya waifai chukua Intel AX200 au AX210, za Broadcom kaa nazo mbali. Kuanzia Debian 12 femuwea (programu ndogo zinazohitajiwa na vifaa kama hivyo ili vifanye kazi) zinakuja humo humo kwenye instola, yaani programu ya kuwekea Debian. Na kama ni Dell OptiPlex ya mtumba, nenda dukani na fleshi yenye Debian laivu (inayowaka kutoka kwenye fleshi bila kuiweka kwenye kompyuta), iwashe hapo hapo ucheki sauti na neti kabla hujatoa hela.