Kwa anayehamia Chicago na watoto: jina la shule halitoshi

Mkuu umeuliza kama ni kweli shule za serikali za mjini huku Marekani watoto weusi na wa familia za kipato cha chini wanabaki nyuma, na kama ukipata shule yenye jina basi umemaliza. La kwanza ni kweli. La pili hapana. Mimi ni msaidizi wa mwalimu kwenye shule moja ya msingi hapa Chicago na wanangu wanasoma humu humu.

Kuhusu pesa nisikuchoshe. Shule huku zinategemea sana kodi ya majengo ya eneo lao, na thamani za nyumba hazikujipanga zenyewe, miaka ya 1930 ziliandaliwa ramani za serikali mitaa ya weusi ikapakwa nyekundu, mikopo ya nyumba huko ikawa shida. Mwaka 1973 wazazi wa San Antonio, Texas waliupeleka huu mfumo hadi Mahakama ya Juu wakashindwa kwa kura 5 kwa 4. Hapa Chicago 2013 zilifungwa shule karibu 50 kwa mpigo na watoto wengi waliohamishwa walikuwa weusi. Jimbo letu la Illinois lilibadilisha fomula ya kugawa pesa za shule 2017, imesaidia, ila huwezi kuziba miaka yote hiyo haraka.

Sasa kinachoniuma mimi ni ndani ya darasa. Watoto wanapangwa makundi ya hesabu mapema sana, wa juu wanapewa maswali ya kufikiri, wa chini wanapewa karatasi za kujumlisha na kutoa zile zile kila wiki, halafu mwisho wa mwaka mnashangaa wamepishana! Tulipokea mtoto wa Kikongo katokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, Kiingereza hana, akawekwa kundi la chini kabisa. Nikakaa naye pembeni nikamwandikia hesabu ya kugawanya sehemu (fractions) kwa sehemu, nikamwelekeza kwa Kiswahili. Akageuza ile ya pili, akazidisha, akarahisisha jibu, wala hakuniangalia usoni. Yule mtoto hesabu alikuwa nazo, tulichompima ni Kiingereza. Nilimwonyesha mwalimu ile karatasi akamhamisha, lakini mwalimu mwenyewe ana darasa limejaa na kabla yake walipita walimu wa muda tu, na hiyo ya walimu kuondoka ondoka utaikuta zaidi kwenye shule za mitaa maskini.

Mzazi mwenye nafasi akiona mwanae kapangwa chini anatuma imeili siku hiyo hiyo. Sisi tunafanya kazi shifti mbili na tumelelewa kwamba mwalimu habishiwi, kwa hiyo tunanyamaza.

Kwa hiyo ukifika usiulize tu shule ina alama ngapi, uliza mwanangu yuko kundi gani la hesabu, nani kaamua na kwa kipimo kipi, na lini atapimwa tena. Omba mkalimani, ni haki yako na ni bure. Kama una mtoto wa darasa la saba kuwa makini sana, maksi za mwaka huo pamoja na mtihani wa kuingilia ndo zinaamua nafasi za zile sekondari za serikali zinazochagua wanafunzi kwa alama, na sehemu kubwa ya nafasi hizo zinagawanywa kwa kuangalia hali ya kiuchumi ya mtaa mnaoishi, kwa hiyo usikate tamaa kwa sababu unakaa mtaa wa hali ya chini.

Ukishajua mtaa mtakaofikia na madarasa ya watoto weka hapa, nitakuambia uanzie wapi.