Ukihisi Tezi ya Shingo Ina Tatizo, Dai Kipimo Kamili

Ugonjwa wa tezi ya shingo hauna dalili ambayo ni yake peke yake. Uchovu tunao wote, nywele hukatika kwa sababu nyingi, na mtu akinenepa kila jirani ana maelezo yake. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuhangaika muda mrefu, akatibiwa malaria, akatibiwa taifodi, akaambiwa ni mawazo, akasomewa na kufukizwa, na tezi yenyewe haijapimwa hata mara moja. Njia hiyo nimeipita hapa hapa Tanga. Naandika kwa ajili ya yule anayeona mwili wake umebadilika na kila anakokwenda anaambiwa hana kitu.

Mimi kilichonishtua ni baridi. Januari, kaskazi inavuma, Ngamiani watu wanalala madirisha wazi, mimi nimejifunika blanketi na nimeomba feni izimwe. Sauti ikawa nzito kama ya mtu mwenye mafua. Choo kikawa cha shida. Asubuhi uso umevimba, ngozi imekauka hata nikipaka mafuta ya nazi. Kazi yangu ni ushonaji, na huko ndiko nilikoumia zaidi: mteja ananitajia upana wa bega, nikigeuka kuchukua chaki nimeshausahau. Zahanati niliyoanzia nikaambiwa, "Mama, umri huo, hedhi inataka kukoma," nikapewa vidonge vya kuongeza damu bila damu kupimwa. Shoga zangu wakasema nina mkono wa mtu.

Hizo ni dalili za tezi iliyolegea, yaani inayotoa homoni chache. Tezi ikifanya kazi kupita kiasi, mambo huwa kinyume chake: mtu anakula vizuri lakini anakonda, moyo unakwenda mbio hata akiwa amekaa, jasho, mikono inatetemeka, usingizi hauji, choo ni cha mara kwa mara, na wengine macho hutoka nje. Huyo naye huambiwa ana presha au wasiwasi. Wapo pia, hasa wazee, ambao hawaonyeshi dalili zilizo wazi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usiende kwa daktari na neno moja, "nachoka". Andika kwenye daftari nini kilianza, lini, na kinakuzuia kufanya nini. Andika uzito wako, hedhi inavyokuja, dawa zote unazotumia pamoja na za mitishamba, na nani katika ukoo aliwahi kuvimba shingo au kunywa dawa ya tezi. Siku niliyosoma daftari langu mbele ya daktari mwingine, hakuniuliza umri. Alinishika mapigo, akanigonga kwenye kifundo cha mguu kuona mguu unavyorudi, akanipa maji ninywe huku akitazama shingo. Uvimbe wa tezi hupanda na kushuka unapomeza. Hilo hata nyumbani unaweza kulitazama kwenye kioo kwa glasi ya maji, ila usijipe jibu kwa kioo.

Na hapa niseme jambo la shingo, maana linapotosha wengi. Sisi wa mkoa huu tuna ndugu milimani, Lushoto na Usambara kwa jumla, na rovu, yaani goita, uvimbe wa tezi shingoni, si kitu kigeni kwetu. Udongo wa milimani huwa na iodini kidogo kwa sababu mvua huiosha, na bila iodini tezi haiwezi kutengeneza homoni zake, basi huvimba ikijitahidi. Wifi yangu ana rovu linaloonekana kutoka ng'ambo ya barabara, na kipimo chake cha damu kilitoka salama kabisa. Mimi shingo yangu ilikuwa laini, haina kitu, na tezi ilikuwa imelegea vibaya. Ukubwa wa shingo haukuambii kama homoni ni nyingi, chache au za kutosha. Asikwambie mtu "shingo yako haijavimba, kwa hiyo tezi ni nzima", wala "una goita, anza dawa hii".

Jibu linaanzia kwenye damu. Kipimo cha kwanza ni TSH, homoni inayotoka kwenye kitezi kilicho chini ya ubongo na kuiamuru tezi ya shingo ifanye kazi. Ifikirie kama sauti ya msimamizi: kibarua akizembea, sauti hupanda, akizidisha kazi, msimamizi hunyamaza. TSH ikiwa juu, mara nyingi tezi imelegea. Ikiwa chini, mara nyingi tezi imezidisha. Kwa mtu mzima asiye mjamzito maabara nyingi huweka kiwango cha kawaida kati ya 0.4 na 4.0 hivi, lakini kila maabara ina kiwango chake na hukichapa pembeni mwa jibu lako. Soma na hicho, usisome na cha jirani.

TSH peke yake haitoshi kila mara. Omba na T4, homoni inayotolewa na tezi yenyewe, ile iliyo huru kwenye damu, ambayo kwenye fomu huandikwa FT4. TSH ikiwa juu na T4 iko chini, hapo tezi imelegea bila ubishi. TSH ikiwa juu kidogo na T4 ni nzuri, mara nyingi unatakiwa kurudia baada ya miezi miwili au mitatu kabla ya kuamua dawa, kwa sababu wengine hurudi sawa wenyewe. TSH ikiwa chini na T4 iko juu, tezi imezidisha. TSH ikiwa chini na T4 ni ya kawaida, ipimwe T3 pia, homoni nyingine ya tezi. Kipimo cha kingamwili za tezi, kinachoitwa anti-TPO, huonyesha kama kinga ya mwili ndiyo inayoishambulia tezi. Hakihitajiki kwa kila mtu, na haina maana kukirudia kila mwezi.

Kuna kundi moja la wanawake ninaliwazia sana. Ni mama aliyetokwa damu nyingi mno wakati wa kujifungua, kisha maziwa hayakutoka na hedhi haikurudi, na tangu hapo hana nguvu. Kile kitezi cha chini ya ubongo kinaweza kuwa kiliumia. TSH yake inaweza kusomeka ya kawaida huku T4 iko chini, na akipimwa TSH tu ataambiwa ni mzima. Mama huyu amweleze daktari habari za uzazi ule hata kama ni wa miaka mingi iliyopita. Tena asipewe dawa ya tezi kabla ya kuangaliwa homoni nyingine ya mwili, kotisoli, kwa sababu anaweza kuzidiwa vibaya. Na aliyejifungua ndani ya mwaka mmoja naye ajue kwamba tezi huweza kuvurugika baada ya uzazi, ikapanda kwanza, ikashuka, kisha mara nyingi ikatulia. Asikubali dawa ya maisha kwa kipimo kimoja.

Sasa mambo yanayoharibu kipimo. Vidonge vya kukuza nywele na kucha vina bayotini, na bayotini huzichanganya baadhi ya mashine za maabara hadi mtu mzima akaonekana tezi yake imezidisha. Acha angalau siku mbili kabla ya kutoa damu, na kama unakunywa kiwango kikubwa, mwambie daktari akupe muda mrefu zaidi. Ukiwa umelazwa na ugonjwa mkali, TSH huyumba yenyewe; isipokuwa kuna sababu ya haraka, subiri upone. Ujauzito nao hushusha TSH katika miezi ya mwanzo, hivyo sema mapema kama una mimba au unahisi unayo. Dawa fulani za moyo na za akili huigusa tezi, zikiwemo amiodaroni na lithiamu. Zile dawa za kupunguza unene zinazouzwa mkononi, baadhi zimewahi kukutwa na homoni ya tezi ndani yake. Na kwa sisi wa pwani, unga na juisi ya mwani: mwani una iodini, na iodini ikizidi huivuruga tezi kama ilivyo ikipungua. Taja vyote. Kula si lazima uache, tezi haihitaji kufunga, ila jitahidi kutoa damu asubuhi kila unapopima, na katika maabara ile ile, ili namba zilinganishike.

Wanaopita na kifaa cha kushika mkononi wakisema kinapima mwili mzima, tezi ikiwemo, wapite tu. Homoni za tezi hupimwa kwenye damu.

Si kila zahanati ina mashine ya homoni. Hapa mjini pa kuelekea ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, au maabara binafsi inayoaminika. Nyingine huchukua damu na kuituma Dar es Salaam. Hilo halina ubaya, uliza tu majibu yatarudi lini na kama bima yako inalipia, kabla hujakaa kwenye kiti. Na karatasi ya majibu ni mali yako. Omba nakala yenye namba na viwango. Jibu la mdomo la "iko sawa" halimsaidii daktari wa pili.

Katika damu hiyo hiyo, omba waangalie na wingi wa damu, sukari, na mengine daktari atakayoona, kama VVU au vitamini B12. Mtu anaweza kuwa na tezi mbovu na damu ndogo kwa pamoja, kama nilivyokuwa mimi, na ukitibu kimoja bado utachoka. Tezi ikitoka salama, usikate tamaa na wala usilazimishe iwe tezi. Rudi na daftari lako, sababu ipo kwingine, na huzuni ya muda mrefu nayo ni ugonjwa unaotibika.

Altrasaundi ya shingo ni kwa aliye na uvimbe unaoshikika. Haionyeshi homoni. Huonyesha kama kuna vinundu na vina sura gani, na kinundu cha kutiliwa shaka huchomwa sindano nyembamba kuchukua chembechembe. Uvimbe unaokua haraka, ulio mgumu, unaobadilisha sauti, unaozuia kumeza au kupumua, huo usisubiri tarehe ya kliniki.

Ukithibitika tezi imelegea, dawa ni levothairoksini. Meza na maji matupu asubuhi, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai, na vidonge vya damu au vya kalsiamu uviweke mbali nayo kwa saa 4. Kipimo cha kurudia ni baada ya wiki 6 hadi 8. Ukipima mapema zaidi namba bado haijatulia na utabadilishiwa dozi bure. Kwa aliyeanza dawa ya kupunguza tezi iliyozidisha, kama kabimazoli, akipata homa na koo kuuma aache dawa na aende hospitali siku hiyo hiyo akapimwe chembe nyeupe za damu.