Una tezi, au tezi lako linaugua?

SWALI: Asalaam aleikum, mwalimu. Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii hapa Langoni, Lamu. Nimeombwa niandike tangazo la Kiswahili kuhusu maradhi ya thairoidi, lisomwe kwenye mkutano wa kina mama. Kila ninayemuuliza ananipa neno lake: tezi, rovu, goita, kikoromeo. Nilipoandika "ugonjwa wa tezi", mavyaa wangu akasema hayo ni maradhi ya wanaume. Mtandaoni nako nimekuta "ugonjwa wa makaburi". Niandike vipi? Na ni "tezi la" au "tezi ya"?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Nianze na mavyaa wako, kwa kuwa alivyosikia yeye ndivyo watakavyosikia wengi. Miaka hii neno "tezi" limetajwa mno pamoja na "dume", hata ukiliacha hilo dume, watu hulisikia lipo. Ukitangaza "ugonjwa wa tezi" na kusita hapo, kina mama wataona hayawahusu. Nao ndio hasa yanayowahusu, maana maradhi ya thairoidi huwapata wanawake mara tano hadi nane zaidi ya wanaume. "Kikoromeo" nacho kina dosari iyo hiyo: wengi wetu tukilisikia neno hilo tunaona kile kinachotokeza kwenye koo la mwanamume. Tezi unalotaka kulitaja limekaa chini yake kidogo, limekumbatia njia ya pumzi kwa mbele, na kila binadamu analo.

Dosari ya pili ni ya ndani zaidi. Katika Kiswahili cha zamani tezi ni kiungo cha mwilini, na pia ni uvimbe, kinyama kigumu kilichoota mahali. (Watu wa Amu wana tezi nyingine, ile ya nyuma ya chombo, ya "kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani". Hiyo haina matata, hakuna atakayekwenda nayo zahanati.) Basi daktari akisema "tezi lako lina shida", anakusudia kiungo. Mgonjwa anasikia kuwa ameota uvimbe, anajipapasa shingo, anaikuta laini, anarudi nyumbani akiamini hana kitu. Kumbe tezi linaweza kuugua miaka shingo isivimbe hata kidogo. Na kuna mwenye shingo iliyovimba waziwazi ambaye damu yake ikipimwa homoni, yaani kemikali ambazo tezi hilo hutoa kuuongoza mwili, ziko sawa.

Kwa hiyo tenganisha. Kiungo kiite tezi la shingo, na neno thairoidi ulitaje mara moja kando yake, kwa sababu ndilo watakalolikuta kwenye karatasi ya maabara. Uvimbe wa tezi hilo uite rovu. Ni neno letu, limo katika kamusi, na wazee wanalijua. Goita ni lilo hilo kwa vijana wa hospitali. Uvimbe mdogo wa mviringo ulio ndani ya tezi, ambao pengine hauonekani ila kwa altrasaundi, uite kinundu. Ukiyashika hayo matatu, nusu ya kazi umeimaliza.

Ama "la" au "ya": kamusi huliweka tezi katika ngeli ya LI-YA, tezi la shingo, matezi ya shingo, na ndivyo ninavyoandika. "Tezi ya shingo" inasemwa sana na siwezi kuiita upotofu. Usichanganye tu zote mbili katika tangazo moja.

Sasa jambo ambalo hukuniuliza, nami naliona zito kuliko yote. Maradhi makubwa ya tezi hili ni mawili yanayopingana: homoni kupungua na homoni kuzidi. Hospitali hutumia majina ya kigeni, na yakishaandikwa kwa matamshi yetu yanakuwa haipothairoidi na haipathairoidi. Yatamke kwa sauti. Yanatofautiana kwa irabu moja, na hilo la kwanza kwa Mswahili yeyote linaanza kwa kusema kitu hakipo! Mwenye haipo hupewa levothairoksini, homoni ya kumjazia pengo. Mwenye haipa hupewa dawa kama karbimazoli ya kulipunguza tezi kasi. Maneno mawili ambayo tiba zake zinakwenda njia mbili hayafai kufanana hivyo masikioni mwa watu. Nakusihi usiyatumie kabisa mkutanoni. Sema upungufu wa homoni ya tezi la shingo na ziada ya homoni ya tezi la shingo. Ni marefu, lakini hayamchanganyi mtu.

Mtego mwingine umo katika karatasi ya majibu. Kipimo kinachotangulia huitwa TSH, na wengi wakiona tarakimu kubwa husema "thairoidi yangu iko juu". Mara nyingi ni kinyume chake. TSH haitoki shingoni. Inatoka kwenye tezi dogo chini ya ubongo, nayo hulihimiza tezi la shingo lifanye kazi. Mfikirie nahodha na baharia wake: baharia akizembea, nahodha hupaza sauti, baharia akipita kiasi, nahodha hunyamaza. TSH ndiyo sauti ya nahodha. Ikipanda, kwa kawaida tezi la shingo limezembea. Ikishuka sana, tezi limezidisha. Daktari huongeza kipimo cha homoni yenyewe, T4, ili ahakikishe, kwa kuwa zipo hali chache ambapo nahodha ndiye mgonjwa. Kwa lugha yako andika hivi: "TSH imepanda, kwa hivyo huenda tezi limepungukiwa." Usiandike kamwe "thairoidi imepanda".

Kuna pia upandaji mdogo wa TSH ambapo T4 bado ni ya kawaida. Nimeona ukiitwa "upungufu wa awali", na neno "awali" linamtisha mtu, linamwambia kubwa linakuja njiani. Si lazima lije. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Ulaya uliowafuatilia watu 737 wa miaka 65 na zaidi wenye hali hiyo. Waliopewa levothairoksini hawakupata nafuu ya uchovu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mimi ningeandika upungufu mdogo, kisha ningeongeza kwamba wazee wengi wa namna hiyo hupimwa tena kabla ya kuanzishiwa dawa. Kwa mjamzito hesabu ni nyingine, maana mtoto tumboni hutegemea homoni za mama katika miezi ya mwanzo, na hapo daktari hangoji.

Nije kwenye neno linalotisha kuliko yote, saratani. Kinundu cha shingoni mara nyingi si saratani, na hata kikiwa saratani, aina iliyo ya kawaida zaidi hukua polepole mno. Korea Kusini walianza kuwapima watu shingo kwa altrasaundi kwa wingi, na kufikia 2011 walioambiwa wana saratani ya thairoidi walikuwa mara 15 ya wale wa 1993. Waliokufa kwa ugonjwa huo hawakupungua wala kuongezeka. Maana yake ni kwamba maelfu walikatwa matezi kwa uvimbe ambao usingewadhuru, wakabaki kumeza vidonge maisha yao yote. Wajapani katika Hospitali ya Kuma, mjini Kobe, walishika njia nyingine tangu 1993: saratani ndogo isiyozidi sentimeta moja, isiyo na dalili mbaya, wanaiangalia kwa vipimo badala ya kuikata papo hapo, na wengi wao hawajahitaji kisu.

Kisha 2016 likatokea jambo ambalo mtu wa lugha hana budi kulisimulia. Jopo la wataalamu wa nchi kadhaa, likiongozwa na Yuri Nikiforov wa Pittsburgh, Marekani, lilichunguza aina moja ya uvimbe uliofungika ndani ya ganda lake, likaona karibu hauna madhara ukishatolewa, likaamua kuuondolea neno saratani katika jina lake. Uvimbe ulibaki ule ule. Kilichobadilika ni jina, na kwa jina hilo jipya wagonjwa wakaepushwa na upasuaji wa pili, na iodini ya mionzi, na hofu ya kila usiku. Wao waliona neno moja linaweza kumpeleka mtu kwenye chumba cha upasuaji bila haja. Nasi tuwe na uangalifu huo huo. Mtu ambaye bado hajachomwa sindano nyembamba ya kutoa seli, asiambiwe "dalili za kansa". Aambiwe "una kinundu, kitachunguzwa".

"Ugonjwa wa makaburi" ni kazi ya mashine ya kutafsiri. Graves ni jina la mtu: Robert Graves, daktari wa Dublin aliyeueleza ugonjwa huo mwaka 1835. Kinga ya mwili hulichochea tezi likazidisha homoni, na kwa baadhi ya wagonjwa macho hukodoka. Andika ugonjwa wa Graves, ueleze kwa maneno hayo, basi. Vivyo hivyo Hashimoto, Mjapani wa 1912, ambaye jina lake limebaki kwenye ugonjwa wa kinga ya mwili kulishambulia tezi mpaka likapungukiwa.

Maelezo ya dawa yana shida ndogo inayoharibu tiba kubwa. Levothairoksini humezwa tumbo likiwa tupu. Ukiandika "kabla ya kula", mtu wa kwetu atakunywa chai ya maziwa kikombe kizima na kukuapia kuwa hajala, na ni kweli, kwetu chai si kula. Lakini maziwa yana kalisi, nayo huizuia dawa isiingie damuni vizuri. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito huizuia pia. Andika: "Meza kwa maji matupu kabla ya chai, ukae nusu saa hadi saa nzima ndipo ufungue kinywa." Mwezi wa Ramadhani watu watakuuliza. Utafiti wa Uholanzi wa 2010 ulionyesha kuwa dawa hii ikimezwa wakati wa kulala hufanya kazi vizuri, mradi tumbo limeshatulia. Kwa hiyo njia ipo, mgonjwa akapange na daktari wake kabla mwezi haujaandama.

Chumvi nayo huenda ukaitaja, kwa kuwa hutiwa madini ambayo tezi hili huyahitaji ili litengeneze homoni. Madini hayo Kenya tunayaita iodini na Tanzania wanayaita madini joto. Ni kitu kimoja. Usiwaache watu wadhani chumvi ya bahari inayo yenyewe kwa kutosha. Ile inayovunwa kwetu huku Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi, hutiwa iodini kiwandani kwa mujibu wa sheria. Ya mawe iliyookotwa ufukweni haijatiwa.

Hili hapa tangazo. Liongezee Kiamu upendavyo:

"Mbele ya shingo, chini ya koo, kila mtu, mke kwa mume, ana tezi liitwalo thairoidi. Tezi hili la shingo hutoa homoni zinazoongoza nguvu za mwili, joto lake na mapigo ya moyo. Wanawake huugua zaidi. Homoni zikipungua, mtu huchoka, huhisi baridi, hunenepa, hufunga choo, na hedhi huweza kuwa nyingi. Zikizidi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, usingizi hupotea, mwili hukonda japo anakula. Shingo inaweza kuota rovu au isiote. Kinachoonyesha ni kipimo cha damu. Mwenye dalili hizi, au mjamzito aliyewahi kutibiwa tezi hili, aende akapimwe."