Maswali ya Wasomaji: Baba Alizaliwa Oktoba Ipi?

SWALI: Mhariri, kitambulisho cha baba kinasema alizaliwa Oktoba 1952. Nyanya, aliyemzalia Kisumu, hakujua kusoma, lakini kabla hajafariki alitueleza mambo matatu. Alisema alikuwa bado mjamzito aliposikia kwamba mkubwa wa Mau Mau amekamatwa. Alisema pia kwamba alikuwa angali ndani na mtoto mchanga wakati redio ya Kairo, ambayo mwenye duka jirani alikuwa akiifungulia watu kwa Kiswahili, iliponyamaza ghafula. Babu naye, aliyekuwa mpakuzi wa mizigo ya reli, aliambiwa na msimamizi wake majuma machache baadaye kwamba bidhaa zimechelewa kwa kuwa mfereji umezibwa. Je, huo ulikuwa mwaka gani, na ni mambo gani mengine yaliyotokea duniani mwezi huo? Tunaandaa hotuba ya sherehe ya kuzaliwa kwake.
— Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, nyanya yenu aliwaachia ushahidi mzuri kuliko aliyejaza fomu ya kitambulisho, ingawa jambo la kwanza alilolitaja ndilo lililo dhaifu kuliko yote. Kenya ilikuwa na Oktoba mbili ambazo mtu angeweza kuzisimulia kwa maneno yayo hayo. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitia sahihi tangazo la hali ya hatari, na usiku huo huo askari wakaanza kuwakamata viongozi, akiwamo Jomo Kenyatta, ambaye baadaye alishtakiwa Kapenguria pamoja na wenzake watano kwa madai ya kuiongoza Mau Mau. Miaka minne na siku moja baadaye, Jumapili tarehe 21 Oktoba 1956, Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau msituni, alipigwa risasi ya mguu na kukamatwa karibu na Nyeri. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Kwa mtu wa Kisumu, kamatakamata ya 1952 ilikuwa na uzito wa pekee, kwa sababu miongoni mwa wale sita wa Kapenguria alikuwamo Achieng' Oneko, mwana wa Nyanza. Kwa hiyo simlaumu karani aliyesikia habari ya kukamatwa kwa mkubwa wa Mau Mau, kisha akaandika 1952 bila kuuliza zaidi.

Redio ndiyo inayoamua. Matangazo ya Kiswahili kutoka Kairo yalianza mwaka 1954, yakiwatetea wazi Waafrika waliokuwa wakidai uhuru, jambo lililowakera sana watawala wa kikoloni. Mwaka 1952 hakukuwa na redio ya Kairo ya Kiswahili ya kunyamaza. Mjomba wangu aliwahi kuwa na redio ya zama hizo: sanduku la mbao lenye uzito wa mtoto wa miaka miwili, betri yake kando, na waya wa antena uliopita dirishani hadi kwenye tawi la mwembe. Ukishaiwasha ulisubiri taa zake za ndani zipate moto ndipo sauti ije, na sauti yenyewe ilikuja na kuondoka kama mtu anayeongea huku akitembea. Anayesikiliza kwa shida namna hiyo kila jioni hawezi kukosa kutambua siku ambayo kituo hakipo. Tarehe 2 Novemba 1956 ndege za Uingereza zilishambulia mitambo ya kurushia matangazo ya Kairo.

Mfereji nao ni wa Suez. Rais Gamal Abdel Nasser wa Misri aliutaifisha tarehe 26 Julai 1956. Kati ya tarehe 22 na 24 Oktoba, wajumbe wa Uingereza, Ufaransa na Israeli walikutana kwa siri mjini Sèvres, karibu na Paris, wakapatana kwamba Israeli ishambulie kwanza, kisha Uingereza na Ufaransa ziingie kwa kisingizio cha kuwaamua wanaopigana. Ndivyo ilivyokuwa: Israeli iliingia Sinai tarehe 29, onyo likatolewa tarehe 30, na mabomu ya Waingereza yakaanza kuanguka Misri tarehe 31. Misri ikazamisha meli ndani ya mfereji, na njia haikufunguliwa tena hadi Aprili 1957. Meli zilizotoka Uingereza kuja Mombasa zililazimika kuzunguka kupitia Rasi ya Tumaini Jema, na mzigo uliochelewa Mombasa ulichelewa vilevile kufika Nakuru na Kisumu. Msimamizi wa babu hakuwa akitafuta udhuru.

Kwa ajili ya hotuba yenu, tajeni pia kwamba tarehe 22 Oktoba Wafaransa waliilazimisha ndege iliyokuwa ikitoka Morocco kwenda Tunis itue Algiers, wakamkamata Ahmed Ben Bella na wenzake, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa kwanza wa Algeria huru. Siku iliyofuata, wanafunzi wa Budapest, mji mkuu wa Hungaria, waliandamana kudai uhuru wa nchi yao; kufikia usiku umati ulikuwa umeiangusha sanamu kubwa ya Stalin, mtawala wa zamani wa Umoja wa Kisovieti, vikabaki viatu vyake tu juu ya jukwaa. Serikali ya Kisovieti mjini Moscow iliyumba kwa siku kadhaa, kisha tarehe 31, siku ile ile mabomu yalipoanza kuanguka Misri, ikaamua kuuzima uasi wa Hungaria kwa nguvu. Vifaru viliingia Budapest tarehe 4 Novemba, na watu wapatao 200,000 wakaikimbia nchi. Kwa maoni yangu, hilo ndilo jambo chungu kuliko yote ya mwezi huo, kwa kuwa London na Paris hazikuwa na uso wa kuikemea Moscow huku zenyewe zikipiga mji wa watu wengine. Mwezi huo pia Uingereza ilifungua kituo cha umeme wa nyuklia cha Calder Hall, lakini hilo mnaweza kuliacha.

Baba yenu, basi, alizaliwa baada ya tarehe 21 Oktoba 1956 na kabla redio haijanyamaza tarehe 2 Novemba. Nafasi iliyobaki haizidi siku kumi na mbili. Ikiwa alistaafu kwa kufuata kitambulisho, alipumzishwa miaka minne kabla ya wakati wake, na huenda asipende kuambiwa hilo mbele ya wageni. Ikiwa alibatizwa akiwa mchanga, liombeni kanisa lake daftari la ubatizo, na mwanze kutafuta jina lake katika kurasa za Novemba 1956.